Mkoba Huu Aliubuni Feza

Mwanangu Zaituni,

Kesho asubuhi, mlangoni mwa basi, nitakunong'oneza kwamba ukifika Nairobi ufungue ule mfuko wa ndani wa mkoba wako kabla hujazungumza na mtu yeyote wa huo mpango wenu wa wanafunzi. Kama unaisoma barua hii, basi umenisikiliza, jambo ambalo si kawaida yako.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wewe uko nyumbani Kisenyi, umekaa katikati ya magoti ya mama yako anakusuka, na bila shaka anakuambia usinywe maji yasiyochemshwa, usilale dirisha wazi, usimwamini mwanamume anayekuita dada kabla hajalijua jina lako. Hayo nimemwachia yeye, anayaweza kuliko mimi. Mimi nimebaki dukani Old Kampala. Nimefunga mlango nusu, nimesogeza mkasi na rula pembeni, naandikia juu ya meza ya kukatia.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mama yako Mlugbara, mimi Mualur, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, tulikutana hapa. Najua pia kwamba ndiyo lugha ya askari wa pale mpakani Malaba, na wakiipata barua hii wataisoma yote kwa raha zao. Hakuna siri ya serikali humu. Kuna aibu yangu tu. Lakini wapo askari ndani ya aibu hiyo, na siku hizi hilo peke yake linatosha kumshusha mtu kwenye basi. Ndiyo sababu nitaiweka pale utakapoikuta, na hata kwa hilo nakuomba radhi, maana nakubebesha mzigo bila kukuuliza.

Unaikumbuka siku uliyonifanyia mazoezi? Ulikuja hapa dukani na karatasi yako ya maswali, ile mnayotakiwa kuwauliza vijana wa nchi za watu namna walivyoanzisha kazi zao. Ulisema wenzako watatawanywa, mmoja Akra, mmoja Kolombo, mwingine huko Peru, na wewe ukichaguliwa utapelekwa kwa mafundi vijana wa Gikomba, huko Nairobi. Ukakaa kwenye benchi la wateja, ukakaza uso kama karani wa wilaya, ukasema, "Mzee, biashara yako ulianzaje?" Nilicheka uliponiita mzee. Kisha ukasubiri, kalamu mkononi, nami nikakujibu bila hata kufikiri.

Nilikujibu kwamba nilianza na sindano moja na subira. Kwamba nilikuwa fundi wa barazani, siku moja nikavitazama vile vipande vya kaki vinavyobaki baada ya kukata suruali, vilivyokuwa vinatupwa jalalani, nikaona ndani yake mkoba wa mtoto wa shule. Kwamba nilishona wa kwanza, watoto wakaupenda, na duka likatoka hapo. Uliandika haraka haraka. Ulipomaliza uliniangalia kwa namna ambayo hujawahi kuniangalia, kama mtu aliyeishi na jirani miaka yote asijue kuwa jirani ni mtu mkubwa. Nilifurahi, Zai. Hilo ndilo baya zaidi. Nilifurahi kweli.

Ukayaandika yote katika insha yako ya maombi. Barua ya kukubaliwa ilipofika, walisema insha iliyowagusa ni ya baba fundi na mkoba wake, na kwamba siku ya kwanza, Jumatatu, uisome mbele ya wanafunzi wote na uwaonyeshe mkoba wenyewe. Mjomba wako aliitaka isomwe mara mbili. Kuku akachinjwa, majirani wakaitwa. Wewe ulidhani jino linaniuma, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia. Hakukuwa na jino. Kipande changu cha kuku nilimsogezea mtoto wa jirani.

Si kweli, mwanangu. Mkoba huu sikuubuni mimi. Aliubuni Feza.

Najua unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na miwili alipotoweka, na ulilia siku tatu. Lakini ulimjua kama dada wa barazani aliyekufundisha kushona pindo lisiloonekana kwa nje. Hukujua alikuwa nani kwangu, wala nilikuwa nani kwake, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo.

Duka hili lilikuwa la Jeram, Mhindi mwembamba aliyekuwa akiuza vitambaa. Alikuwa na cherehani mbili barazani, na mafundi tuliofanya kazi pale tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa wa zamani. Feza alikuja baadaye, akiwa na umri ulio nao wewe leo. Walikimbia vita ng'ambo ya ziwa Kivu yeye na shangazi yake, wakaishia kupanga chumba Kawempe. Alikuwa anatembea kutoka Kawempe hadi hapa kila siku, na kila siku alikuwa ananitangulia, jambo lililonikera tangu wiki ya kwanza.

Jeram alikuwa na sheria moja tu. Mteja akileta kitambaa, kabla mkasi haujakigusa, jina lake linaandikwa kwa chaki upande wa ndani. Jina likishaandikwa, hakuna anayekigusa tena isipokuwa kwa kazi ya mwenye jina. Hata asipokuja mwaka mzima, kitambaa kinakaa kwenye rafu na jina lake. Palikuwa na kitambaa cha suti cha mtu aliyefariki, kikakaa mpaka mwanawe alipokuja kukichukua, na Jeram akamshonea. Mimi nililelewa katika sheria hiyo, kazini humu. Niliiheshimu kuliko mambo mengi niliyofundishwa kanisani.

Mwaka wa pili wa Feza, aliniona nafagia vipande vya kaki nivitupe. Unajua alivyokuwa akisema, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Baba Zai, hii bipande unatupa? Unipe miye. Batoto ba masomo banabeba bitabu ku mukono, mvua ikinyesha binaharibika." Nilimpa huku nikimcheka. Nilimwambia mkoba wa viraka atambebesha shetani. Baada ya siku mbili alikuwa na mkoba. Kaki nje, bitana ya maua ndani, na katikati ya kaki na bitana, mfuko ambao huwezi kuuona mpaka uambiwe ulipo. Nikamuuliza mtoto wa shule ana siri gani ya kuficha. Akasema mama yake alimshonea cheti chake cha ubatizo ndani ya upindo wa gauni siku waliyokimbia, na ndicho kitu pekee walichovuka nacho. Tangu hapo aliona kila mtoto anastahili mahali pamoja pasipoingia mkono wa mtu.

Barua hii imo ndani ya mahali hapo. Nilipokuwa naushona mfuko wenyewe, leo mchana, nilijichoma, na mimi sijajichoma sindano tangu ujana.

Watoto walianza kuja. Kwanza wa mtaa huu, halafu wa shule za mlimani. Jeram akamruhusu afanye mikoba yake saa za mapumziko, ikawa yake mwenyewe, akawa na wateja wake, binti wa miaka kumi na tisa asiye na kwao. Mimi nilijitia hamnazo. Nilikuwa natengeneza suruali za makarani, kazi ya heshima, na nilikuwa naona foleni inapinda kwenda upande wa pili wa baraza. Nawe ukitoka shule ulikuwa unakwenda kukaa miguuni pake, si pangu. Niseme tu ilivyokuwa, nilimwonea wivu. Mtu mzima, baba wa mtoto, nilimwonea wivu msichana kwa sababu ya mikoba.

Kisha redio ikatangaza kwamba Wahindi waondoke. Hayo unayakumbuka, uliyaona kwa macho yako, sina haja ya kukusimulia foleni za Wahindi na mabati yaliyofungwa madukani. Jeram alisubiri mpaka karibu na mwisho. Siku moja mchana alituita ndani sote wawili. Alikuwa amekwisha kuuza alichoweza, rafu zilikuwa tupu, cherehani zilikuwa zimeingizwa ndani kutoka barazani. Akainama chini ya meza ya kila cherehani, upande wa ndani wa mbao, akaandika kwa chaki. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Hii yako, Baba Zai," akasema. "Hii ya Feza. Duka hapana yangu tena, lakini mashine iko yangu mpaka kesho, na mimi napa nyinyi. Wewe iko mkubwa. Wewe angalia yeye."

Akanipa ufunguo mimi. Feza alilia, mimi nikasema ndiyo, nitamwangalia. Tulikubaliana kwamba kesho yake asubuhi Feza aje na mkokoteni kutoka Kawempe achukue yake, nami nichukue yangu, duka tuwaachie wenyewe serikali. Ndivyo tulivyoagana. Nilimpa mkono.

Jioni ile mjomba wako alipita hapa. Alikuwa sajini wa jeshi tayari. Akaniuliza kwa nini nataka kubeba cherehani kwenda Kisenyi kama mjinga. Akaniambia, "Shemeji, kesho kamati inapita mtaa huu kugawa maduka. Wakikukuta ndani, kazi inaendelea, hakuna mwingine anayedai kitu, wanakuandika wewe. Cherehani moja ni fundi. Cherehani mbili ni duka." Akaenda zake. Usimchukie mjomba wako kwa hilo. Hakuniambia nimdhulumu mtu. Hakumjua hata Feza. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Nilikaa hapa hapa nilipo sasa. Jua lilikuwa bado linaingia mlangoni. Ningeweza kufunga na kwenda Kawempe kumwambia Feza, njoo, tukae wote wawili ndani ya duka, waandike majina mawili. Wazo hilo lilinijia, usidhani halikunijia. Nikalifukuza kwa kusema kwamba hawatakubali kumwandika mkimbizi. Sikuwa najua kama watakubali au watakataa, maana hakuna aliyewauliza. Nikalowesha kitambaa kwenye ndoo, nikapiga magoti, nikalifuta jina lake. Chaki haihitaji nguvu. Jina langu nililiacha. Hata leo lipo, limefifia lakini linasomeka.

Ningependa sana kukuambia niliogopa bunduki. Watu wengi wa mji huu wamefanya mambo kwa kuogopa bunduki na sina ulimi wa kuwahukumu. Mimi niliogopa baadaye. Wakati nafuta lile jina hakukuwa na askari hata mmoja ndani ya nyumba hii, nilikuwa peke yangu na ndoo.

Asubuhi kamati ilikuja mapema. Kapteni mmoja, karani wake na daftari, na askari wawili. Walinikuta nashona. Karani alikuwa anaandika jina langu wakati Feza alipofika. Aliacha mkokoteni barazani, akaingia akiwa amevaa gauni lake la kanisani, kwa sababu kwake ilikuwa siku kubwa. Akanisalimu, "Jambo, Baba Zai," akaenda moja kwa moja kwenye cherehani yake.

Kapteni akaniuliza, "Huyu nani?"

Nikasema, "Simjui, afande. Mkimbizi tu, anapita hapa kuomba vipande."

Feza alinisikia. Alipiga magoti, akainamisha kichwa chini ya meza ya cherehani, akatafuta. Aliishika ile mbao kwa kiganja, na nadhani ilikuwa bado na unyevu. Akainuka taratibu, akanigeukia mimi, si kapteni.

"Baba Zai," akasema, "jina yangu ulipeleka wapi?"

Mimi nilikuwa nimeinama, najifanya natunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. Kapteni akacheka, akaniuliza mbona basi huyu analijua jina langu. Nikasema kila mtu mtaani ananijua, afande. Uongo wa pili ulikuja mwepesi kuliko wa kwanza. Askari mmoja akamshika Feza bega, akamtoa nje, akamwambia wageni hawana cha kudai hapa. Hakumpiga. Hilo nimejifariji nalo miaka sita, kwamba hakumpiga, kama vile mimi ndiye niliyemzuia. Nilimsikia anausukuma mkokoteni mtupu kuteremka mlima. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

Mchana ule ulitoka shule ukaniuliza Dada Feza yuko wapi. Nikakuambia amerudi kwao Kongo. Ukasema hawezi kwenda bila kukuaga. Nikakukata kauli. Kesho yake ukamwandikia barua kwa penseli, ukanipa niipeleke posta, nami nikakuahidi. Ninayo. Imekaa miaka yote kwenye droo, chini ya kopo la vifungo. Nitaikunja pamoja na hii ili urudishiwe wewe mwenyewe, kwa kuwa sikuwahi kuituma. Umemwandikia kwamba umemaliza pindo, na unamuuliza anarudi lini alione.

Sasa kuhusu mkoba. Feza alikuwa ameacha mmoja hapa, haujamalizwa. Sikujua kuushona. Ule mfuko wa ndani ulinishinda kabisa, na mimi ndiye fundi mkubwa. Ikabidi niufumue wake, mshono mmoja mmoja, nione mikono yake ilipita wapi. Ilinichukua siku nzima. Nilipomaliza nilikuwa na vipande vyake mezani na nilikuwa nimejua kila kitu. Tangu hapo nimeshona mingi kiasi kwamba mji mzima unaiita mikoba ya Baba Zai. Watu walituita mafuta mingi kama walivyowaita wote waliopewa maduka, ingawa wewe unajua mafuta yenyewe yalivyokauka haraka. Vitambaa vilipotea, kila kitu kikawa cha magendo, maduka ya wenzangu hapa mlimani yalifungwa moja baada ya jingine kwa kukosa cha kuuza. Sisi tulibaki kwa sababu ya mkoba unaoshonwa kwa mabaki. Karo yako ni mkoba. Viatu utakavyopandia basi kesho ni mkoba. Feza ametulisha miaka sita bila kujua, na sisi tunakula kwa jina langu.

Nilimtafuta, kama kutafuta ni hivyo. Baada ya mwezi mmoja nilikwenda Kawempe. Nilifika mpaka kwenye kona ya ile nyumba, nikaona nguo zao zimeanikwa, likiwemo lile gauni la kanisani. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima la kusema. Nikageuka nikarudi. Niliporudi tena ulikuwa umepita mwaka, na chumba kilikuwa na watu wengine. Mmoja akasema wamehamia Jinja, mwingine akasema wamevuka kurudi kwao. Sijui. Kama ningepiga hatua thelathini siku ile ya kwanza, leo ningejua.

Mama yako alijua tangu siku ile ile. Sikumwambia, aliona tu cherehani mbili. Umewahi kujiuliza kwa nini akija kunisaidia anakaa sakafuni na kushona kwa mkono, na cherehani iko wazi? Wewe ulimtania kwamba ni ushamba wa kwao Arua. Hajaikalia hata mara moja. Hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi, na amenipikia kila siku.

Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia ana kwa ana. Mara ya kwanza mteja aliingia. Mara ya pili niliishia kukuuliza kama viatu vinakutosha. Mara ya tatu nilianza kabisa, nikasema, "Zai, kuna jambo la zamani," ukadhani nataka kukuonya kuhusu wanaume, ukacheka, ukanibusu kichwa ukaondoka. Kwa hiyo naandika, na najua kwamba mtu anayeandika ni yule asiyetaka kuonekana uso.

Lakini siwezi kukuacha usimame Jumatatu. Ukiisoma insha ile kama ilivyo, utakuwa unasema uongo wangu kwa mdomo wako, mbele ya watu uliowatafuta kwa bidii yako, na mkoba wa Feza begani. Nawe hutakuwa na kosa, na bado utakuwa umeusema. Ukisema ukweli, sijui watafanya nini. Huenda wakasema insha ilikuwa ya uongo, nafasi apewe mwingine, urudi nyumbani na basi lile lile. Nimeyafikiria hayo kila siku tangu kuku alipochinjwa. Nilifikiria pia kunyamaza, uende, urudi, uwe mtu. Nimekwisha kunyamaza kwa ajili ya faida mara moja. Ilinitosha kujua ladha yake.

Uamuzi ni wako. Mimi sikuagizi. Naomba mambo mawili tu, na yote unaweza kukataa.

La kwanza, usinitetee. Usiwaambie kwamba nyakati zilikuwa mbaya. Zilikuwa mbaya kwa Feza pia, na yeye hakufuta jina la mtu.

La pili linahusu kazi yako. Huko Gikomba utakutana na vijana wa kila aina, wafua bati, washona viatu, wauza chai, na wengi watakuambia kweli tupu. Lakini atakuwepo mmoja atakayekujibu upesi, jibu zuri, limepigwa pasi. Usimkatize na usimdharau. Mwulize tu siku ile aliyoanza alikuwa amekaa na nani. Rudia kusoma jibu nililokupa mimi. Ndani yake kuna sindano, kuna vipande, kuna watoto wa shule, na hakuna mtu mwingine hata mmoja anayefanya kazi. Hakuna aliyewahi kuanza peke yake namna hiyo, mwanangu. Hilo lingekutosha kunishtukia, kama nisingekuwa baba yako.

Sikuombi msamaha, si kwa sababu siutaki. Nautaka mpaka unaniuma. Lakini si wewe uliyesimama pale na mkokoteni, na wewe ukinisamehe nitapona haraka, nami najijua nikipona haraka. Unaweza kunikasirikia muda wote utakaokaa huko. Ukirudishwa mapema, uje unikasirikie hapa, mlango upo. Ukiamua kutoniandikia, nitamwuliza mama yako habari zako, ataniambia au hataniambia.

Nikupe la mwisho, maana mwanga unapungua na mama yako ataanza kuulizia.

Mchana huu, nilipomaliza kushona mfuko wako, nilichukua chaki. Sikuandika chini ya mbao tena. Niliandika juu, mbele, pale mteja akiingia macho yake yanaanzia. FEZA, kwa herufi kubwa. Kisha nikaitoa sindano kwenye cherehani ile, kwa sababu haitashona tena mpaka mwenyewe aje, au mpaka aje mtu wa kwao. Ya kwangu itanitosha. Nitakuwa fundi, siyo duka.

Konstebo mmoja aliingia kuchukua suruali yake. Akasoma lile jina, akaniuliza kama ni jina la biashara mpya. Nilihisi uongo wa tatu umekaa tayari mdomoni, umeshaiva. Nikamwambia hapana, ni jina la mwenye cherehani. Akauliza yuko wapi. Nikasema sijui, nilimfukuza mimi. Akanitazama, akatazama suruali yake, akaichukua akatoka bila kuijaribu. Nilikuwa nimelisema kwa sauti, Zai, kwa mara ya kwanza, na kuta za duka hili zimelisikia.

Jumatatu wakikuuliza mkoba huu ulianzaje, anza na jina lake. La kwangu liweke baada yake, mahali linapostahili.

Ni mimi baba yako,
fundi wa barazani, Old Kampala